Mwaka Tuliorudi na Kelele Zetu kutoka Osaka

Khelef aliingia siku ya tatu ya msiba, baada ya alasiri, khitma imeshaanza na kila mtu kashika juzuu yake. Nilimwona mlangoni akivua viatu, mnene kuliko nilivyomjua, ndevu zimeingia mvi, kavaa kanzu ya Kiomani yenye kishada shingoni. Miaka kumi na mbili ilikuwa imepita hatujasemezana. Hakuja kunipa mkono. Alikwenda akakaa pembeni, akapewa juzuu, akaanza kusoma kwa sauti ya chini kama watu wengine. Na mimi mfiwa, badala ya kumwombea baba yangu, nikawa namtazama yeye na kujiuliza: huyu kaja kumlilia mjomba wake au kaja kunisuta mimi? Astaghfirullah. Lakini mimi ndivyo nilivyo, sitaki kujipamba. Hasira yangu haijui adabu, hata msibani inaingia na viatu vyake. Nilipoteza hesabu ya aya zangu mara tatu, mpaka mzee aliyekaa ubavuni akanigusa goti akaninong'oneza, "Hemed, soma mwanangu." Nikasoma, lakini nilikuwa nimesharudi nyuma, kwenye mwaka ule mmoja, katikati ya miaka ya tisini, ambao sijapata kuusimulia kwa mtu yeyote hata mke wangu.

Tulifikaje Japani mimi na Khelef si habari ya leo. Yatosha kusema tulikaa Osaka miaka sita, tukifanya kazi katika kiwanda cha mabomba ya plastiki, na siku za mapumziko tukipiga muziki katika vyumba vya chini ya ardhi, vidogo, ambavyo watu thelathini wakiingia vimejaa. Vijana wa kule walikuwa na mtindo wao: wimbo mtamu, mwepesi, wa kuimbika hata na mtoto, lakini umefunikwa kwa mlio wa gitaa uliokwaruzwa na kupandishwa mpaka kifua kinatetemeka. Mara ya kwanza nilipousikia niliziba masikio. Mara ya pili nikalia, na mpaka leo siwezi kueleza kwa nini. Tukaunda kikundi chetu cha watu wawili, mimi gitaa, yeye ngoma na kuimba, tukakiita Bati. Wajapani wakituuliza maana yake, Khelef akiwaeleza kwa Kijapani chake cha kiwandani kwamba mama yake Kikwajuni, Unguja, ana nyumba ya bati, na mvua ya masika ikishuka juu ya bati lile mtu akiimba ndani husikii kitu, lakini unajua kuwa anaimba. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukipiga, na walituelewa.

Tulirudi kwa sababu vibali vilikwisha na kwa sababu shangazi, mama yake Khelef, miguu ilikuwa inamsumbua na hakuwa na mtoto mwengine. Tulishuka na mabegi manne, gitaa, ngoma tatu, amplifaya moja nzito, kisanduku cha kukanyaga kwa mguu kinachoukwaruza mlio, na jungu la umeme la kupikia wali ambalo Khelef alilibeba mapajani njia nzima kama kitoto kichanga. Mimi nikawekwa kwa baba, Mji Mkongwe, chumba cha darini. Ngazi zake zilikuwa za mawe, za kupandia kwa kushika kamba, na dirisha lake lilitazamana na la Bi Time, jirani yetu, karibu kiasi kwamba akipika tambi za sukari ananyoosha mkono tu na sahani inafika. Chini ndiko alikokaa baba. Alikuwa kashastaafu ukarani wa forodha, na maisha yake yalikuwa msikiti, gazeti, na fidla. Alipiga fidla katika klabu ya taarabu tangu ujana wake, na fidla ile aliifuta kila asubuhi kwa kitambaa cha hariri kabla hajafuta miwani yake. Wenzake wakimwita Mzee Nassor. Na mtu akikosea nota moja mazoezini, baba alimtazama tu, na ilikuwa afadhali angetukana.

Siku ya pili ya kurudi kwetu, tumemaliza kula papa wa kukaanga na mkate wa ajemi, Khelef akatia kaseti yetu katika redio ya sebuleni. Nilikuwa nimeungojea wakati ule miaka sita. Baba akasikiliza kidogo, kidole kimoja juu ya goti.

"Hiki nini?"

"Ndio sisi hao, baba."

"Nyinyi mko wapi hapo? Mimi nasikia jenereta."

Khelef akacheka. "Subiri, mjomba, sauti inakuja."

"Basi izimeni kabla haijafika." Akainuka mwenyewe akabonyeza redio. Kisha akanigeukia, na hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonikata. "Hemed, mimi nna masikio mawili na nimeyatunza miaka sitini. Piga huko unakopiga, sikukatazi. Lakini kitu hichi usiniletee tena."

Nikasema, "Naam, baba." Nikatoa kaseti nikapanda darini. Nilikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na tisa, nimeshakaa ughaibuni, nimeshapigiwa makofi na watu nisiowajua, na nilikaa juu ya kitanda nikilia mpaka mto ukarowa. Mtu asinielewe vibaya, sikutaka anisifu. Nilitaka anisikie, basi. Mara moja tu, wimbo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, halafu aseme ni uchafu, nikubali. Mwaka ule wote sikuwa na haja nyengine. Khelef alilijua hilo bila ya kuambiwa. "Atasikia tu," akinambia. "Kuta hizi za chokaa, yakhe, hazizuii kitu."

Zilikuwa hazizuii kweli. Tulikuwa tukifanya mazoezi baada ya adhuhuri, na baba akisikia tunapandisha ngoma huchukua gazeti lake akaenda kukaa barazani nje, mpaka tumalize. Lakini kwanza lazima niseme habari ya transfoma. Vyombo vyetu vyote vilikuwa vya umeme wa Japani, ambao ni mdogo, nusu ya huu wetu na hata hiyo nusu haifiki. Ukikichomeka chombo cha kule katika ukuta wa Unguja moja kwa moja, umekiua. Kwa hivyo tulikuja na transfoma moja ya kushushia umeme, nzito kama tofali. Sasa, na lile jungu la shangazi nalo lilitaka transfoma ile ile! Shangazi alishalipenda jungu lake, wali wake haushiki chini wala haupati moshi, na majirani wa Kikwajuni walikuwa wanakuja kulitazama. Basi transfoma ikawa inasafiri kwa baiskeli ya Khelef: siku za mazoezi iko kwetu darini, siku za wali iko Kikwajuni. Tukiwa katikati ya wimbo shangazi hutuma salamu, "Mwambieni Khelef wageni washafika, alete tofali langu," nasi tunazima. Tulikuwa tukicheka sana. Sijapata kucheka tena namna ile.

Karibu na mwezi wa Shaabani, katibu wa klabu ya baba, mtu mcheshi, alitusikia akipita chini ya dirisha. Akapanda ngazi akihema, akasikiliza nyimbo mbili amejishika kifua, kisha akasema, "Mnatisha, lakini mna kitu." Akatupa nafasi: Idi pili, kabla ya taarabu kuanza, tupige mbili zetu mbele ya watu. Nilishuka nikamwambia baba. Alikuwa anatia ulimbo upinde wa fidla yake.

"Klabu si yangu peke yangu," akasema.

"Utakuwepo, baba?"

"Nitakosa vipi? Nipo kwenye fidla."

"Nauliza utasikiliza?"

Akaendelea kutia ulimbo. Nami nikaondoka. Lakini siku mbili tatu baadaye, nikiwa ngazini, nilimsikia Bi Time akizungumza naye barazani. "Mzee Nassor, wanao jana wamenitikisia vikombe kabatini, kimoja kimepata ufa." Baba akasema, "Nshawaambia." Bi Time akacheka. "Wala usiwakemee. Ule wimbo wao mmoja wa polepole, Mungu anisamehe, unanitoa machozi." Baba akauliza, "Upi huo?" Nilidhani anauliza ili aje anikataze. Nilivyokuwa mjinga!

Ramadhani ikaingia. Kwetu Unguja mwezi ule ala zote hulala. Fidla huingia mfukoni mwake, klabu hufungwa, na mtu hatii nyimbo hata redioni. Nasi tukaweka vyombo vyetu, tukavifunika shuka, na transfoma ikahamia Kikwajuni moja kwa moja, kwani shangazi alikuwa anapika futari ya nyumba tatu. Mwezi mzima nyumba yetu ilikuwa kimya, na baba akaonekana kama mtu aliyepoteza kitu, anazunguka zunguka, anapanda ngazi nusu anashuka. Mimi nilisema ni saumu.

Zimebaki siku tatu kufika Idi, nilikwenda Darajani kununua nyaya. Niliporudi, adhuhuri imeshapita, nilikutana na harufu ya kuungua ngazini. Nikapanda mbio. Shuka ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya kitanda. Amplifaya ilikuwa moto, nyuma yake imetoka weusi, na waya wake umechomekwa ukutani moja kwa moja, kwa adapta, swichi imezimwa. Nikaifungua. Ndani palikuwa na masizi na kitu kilichopasuka. Chombo kile hakikuwa na mwenzake kisiwani, na Idi iko mlangoni. Nikafungua dirisha. "Bi Time! Nani kaja hapa?"

"Kwani nini tena? Nimesikia ngurumo moja, nikasema mshaanza vitu vyenu na mwezi huu mtukufu. Kisha nikamwona Khelef anashuka mbio."

Sikuhitaji zaidi. Tulifuturu siku ile kwa baba, mimi na baba na shangazi na Khelef, mkeka mmoja, uji wa pilipili manga, muhogo wa nazi, tambi. Nilingoja tumalize kusali Maghribi, nikaona huo ndio uungwana wangu, kisha nikamwambia mbele ya mama yake kwamba kaniharibia chombo.

"Si mimi," Khelef akasema.

"Kama si wewe nani, paka? Umeonekana."

"Nimekuja kuchukua fimbo zangu za ngoma. Lakini si mimi."

"Umejisahau kwamba transfoma iko kwa mama yako, ukachomeka. Sema tu! Na mtu gani huyu asiye na haya, anawasha gitaa mchana wa Ramadhani na saumu mdomoni? Hata kafiri anajiheshimu!"

Baba akaweka kikombe chini. "Hemed, achia hapo. Kitu kimeungua, kimeungua."

"Siachi, baba. Ashike Msahafu."

Shangazi akajifunika uso kwa mtandio. Neno lile halitolewi hivi hivi baina ya ndugu. Ukishamtaka mwenzio yamini umemwambia kwamba ulimi wake mtupu haukutoshi, na yeye akishakula yamini, wewe huna tena haki ya kumshuku. Hapo mambo yamekwisha, na anayeendelea kushuku amejitia mwenyewe kubaya. Haya yote niliyajua. Khelef alimtazama baba kwa muda mrefu, nikadhani anamwomba amtetee. Baba akainuka, akasema anakwenda kutia udhu, na Isha ilikuwa bado. Tukasikia maji yanamwagika uani, yanamwagika, hayakomi. Khelef akatia udhu naye, akarudi, akauweka mkono juu ya Msahafu. "Wallahi, billahi, tallahi, sikuuchomeka mimi waya ule." Sauti yake haikutetemeka.

Nikasema, "Nimesikia." Sikusema, "Nimekuamini." Wote waliokuwepo walielewa.

Idi pili klabu ilipiga bila yetu. Mimi sikwenda. Katibu aliniambia baadaye kwamba Mzee Nassor alichelewa kuingia mara mbili katika wimbo mmoja, jambo ambalo halijapata kutokea, na watu wakasema uzee. Kabla mwaka haujaisha Khelef alipata kazi Maskati, na safari hii akamchukua na mama yake. Alikuja kumuaga baba, wakafunga mlango wakazungumza kitambo. Tulipokutana ngazini akasema, "Kwaheri, Hemed." Nilimpisha, ukuta mgongoni, kinywa nimekifumba. Ndiyo ikawa mwisho wa Bati. Gitaa nililitia katika mfuko nikaliweka juu ya kabati. Nikaoa, nikazaa, nikaanza kazi ya kukodisha maspika kwa maharusi, ninayoifanya hadi hii leo. Mimi ndiye napandisha sauti za watu wengine. Baba hakuitaja amplifaya tena. Ila mara nyingi, tukinywa chai, aliniuliza, "Khelef hakuandikii?" Nami namjibu haandiki. "Basi mwandikie wewe." Naam, baba, naam, na sikuandika. Na katika miezi yake ya mwisho, ulimi umeshakuwa mzito, alinishika mkono akasema, "Yule mtoto hakukosa." Nilimpangusa mdomo nikambadilishia mto. Nilifikiri anaweweseka.

Khitma ilipokwisha watu wakanywa kahawa, wakala haluwa, wakatoka mmoja mmoja wakinipa mkono. Khelef hakutoka. Alipanda darini bila ya kuniomba ruhusa, nami nikamfuata, nimeshajiandaa kwa ugomvi. Nilimkuta kakaa juu ya kitanda anatazama soketi ya ukutani. Akasema, "Mungu amrehemu mjomba. Sasa naweza kukwambia, maana nilimpa ahadi ya uhai wake tu."

"Ahadi gani?"

"Siku ile nilipanda kuchukua fimbo zangu. Nilimkuta mjomba hapa nilipokaa. Kanzu yake kaikunja mapajani, kalipakata gitaa lako. Alishachomeka waya, kwa adapta ya redio yake ya chini. Redio ile nayo ya Kijapani, ila ya umeme wa huku, akaona Mjapani ni Mjapani, ataijuaje transfoma? Nilipiga kelele, lakini alikuwa keshabonyeza."

Nikakaa chini, juu ya sakafu. "Kwa nini hakusema? Umekula yamini mbele yake!"

"Angesema nini, Hemed? Mzee mzima, mchana wa Ramadhani, na saumu, yuko darini na gitaa la umeme? Na mwaka mzima kakwambia asiletewe? Aliniomba nisiseme, kwamba atakwambia mwenyewe siku ya Idi. Kisha wewe ukasema yale maneno yako, asiye na haya, kafiri anajiheshimu. Ukamfunga mdomo. Aliniaga akilia. Kila mwaka akinipigia simu kuniomba radhi, nami kila mwaka nikimwambia nimeshamsamehe."

Nilimshika miguu Khelef, miguu yake kweli, nikamwomba anisamehe kwa yamini niliyomlisha na kwa kutomwamini baada yake, na kwa ngazini. Alijaribu kuniinua, akashindwa, akashuka akakaa sakafuni na mimi. Tulilia pamoja, watu wazima wawili, mpaka mke wangu akaja mlangoni akatutazama akarudi. Tulipopoa nilimuuliza jambo moja, kwa sababu lilikuwa linanichoma kuliko yote.

"Kwa hivyo hakusikia kitu. Alikuja kunisikiliza, na hakusikia."

"Alisikia," Khelef akasema. "Iliunguruma mara moja, kabla haijafa. Wallahi, Osaka yote sijapata kusikia mlio kama ule, boriti zilitikisika. Kisha kimya. Mjomba alikaa pale pale na gitaa lako mapajani, moshi haujaanza kutoka bado, anatazama ile amplifaya. Alidhani ndio wimbo umekwisha."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Mfupi. Lakini nimeupenda.'"